Mpaka kwa Sikudhani

Nusu na zaidi ni jiwe. Chini ya nusu ni tupu. Sheria hiyo niliikuta, na aliyeitunga alishakufa au bado hajazaliwa, maana katika Nyumba ya Nakala hatukuwa na uhakika na mambo hayo. Hata saa yetu ya ofisini ilifuata sheria hiyohiyo. Siku ikiwa haijafika nusu, ilionyesha asubuhi. Ikifika nusu, ilionyesha adhuhuri, na katikati hapakuwa na kitu. Niliingia kazini asubuhi nikiwa kijana mwenye meno yote. Ndevu zikaota, zikawa nyeupe, magoti yakaanza kulia, na bado ilikuwa asubuhi ileile na kazi ni ileile: kuupima Ukuta kabla adhuhuri haijafika.

Nikueleze Ukuta, wewe unayesoma, ingawa sidhani kama kuna mtu anayekaa mbali nao. Ni mrefu kuliko jicho. Nyuma yake kuna maji. Wengine husema si maji, ni miaka iliyopita imejikusanya. Mimi nasema ni maji kwa sababu yanalowesha. Mbele yake, mguuni kabisa, kuna mtaa uitwao Kisiginoni. Watu wa Kisiginoni hujenga kuta tatu tu, na ukuta wa nne wa kila chumba ni Ukuta wenyewe. Mwisho wa mtaa kuna Lango, na nyuma ya Lango ngazi za kupandia juu, kwenye usalama. Lango hufunguliwa siku moja tu, siku ambayo nakala ya Ukuta itavunjika. Nakala ikisimama, watu wanabaki walipo. Kwa hiyo usiniulize kwa nini niliomba ivunjike. Dada yangu anakaa Kisiginoni, chumba cha mwisho, hatua kumi kutoka Langoni.

Jina lake Sikudhani. Mama alishikwa na uchungu njiani, ndoo kichwani, akajifungua pembeni ya kisima, na watu walipomuuliza mbona hukukaa nyumbani akajibu sikudhani, na mtoto akabaki na jibu hilo. Mimi simwiti hivyo. Kwetu mdogo hamwiti mkubwa wake jina kavu. Namwita Dada, naye ananiita mdogo wangu mpaka leo nina mvi. Mama alipoondoka, ni yeye aliyenilea. Alikuwa akichagua mchele kwenye ungo, mimi nimekaa pembeni nikimwonyesha vijiwe, na nikivimaliza nikajisifu, ananiambia: "Jiwe unaloliona si kitu, mdogo wangu. Lipo moja hujaliona, na hilo utalijua kwa jino." Kila siku lilikuwepo.

Nakala yenyewe hatukuijenga kwa mawe. Iko ndani ya mashine. Tunaupiga Ukuta mwanga unaopenya jiwe, mashine inakata kilichoonekana vimchemraba vidogo, kila kimoja tunakiita punje, na kila punje inaulizwa swali moja: wewe ni jiwe au ni tupu? Hairuhusiwi kujibu "kiasi". Hairuhusiwi kusema "upande huu jiwe, upande huu mama mjamzito amelala". Ni jiwe au ni tupu. Kisha tunaisukuma nakala kwa uzito wa maji yote, tunatazama kama itasimama.

Na shida iko hapa. Mashine inabeba punje bilioni moja, haipokei hata moja ya nyongeza. Elfu kwa urefu, elfu kwa kimo, elfu kwa kina. Ukizichagua ndogo, utaona kila kitu, lakini cha kipande kidogo. Ukizichagua kubwa, utapata Ukuta mzima usioonyesha chochote. Ukaribie usijue ulipo, au urudi nyuma usijue unachokitazama. Nimewaza sana jambo hili, na sina hakika tena kama nawaza juu ya mashine. Mtu naye anapewa siku zake zikiwa na idadi, azikate anavyotaka. Yuko aliyezikata ndogondogo, akakumbuka kila kikombe cha chai, akafa hajui maisha yake yalikuwa yanahusu nini. Yuko aliyezikata kubwa, akajua yalihusu nini, ila hakumbuki sura ya mkewe. Mimi nilitaka vyote, na aliyetaka vyote anajulikana alipofikia.

Dada aliniita mara ya kwanza nikiwa kijana. Alikuwa ametundika kanga yake kwenye Ukuta, kwa misumari miwili, kufunika mahali.

"Kila nikiamka imelowa," alisema. "Naikamua, naianika, kesho imelowa tena. Ukuta unatoka jasho."

"Jasho la nini, Dada?"

"La kubeba. Kwani wewe ukibeba hutoki jasho?"

Nikafunua kanga. Ufa ulikuwepo, mwembamba, ukucha wangu ukaingia. Nikashusha kanga nikasema nitashughulikia. Juu ya Lango, kwa herufi zinazosomeka hata kwa asiyejua kusoma, wazee wa mji waliandika: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Maneno mazuri. Hawakuandika ufa unaanza kuitwa ufa ukiwa na upana gani.

Mkuu wa Nyumba ya Nakala alikuwa Bi Havijawa, mwanamke mkavu, mwadilifu, asiyepokea salamu kabla ya kazi. Sikuwahi kumchukia, na hilo linaniuma, kwa sababu ningepata pa kuiweka lawama. Nilimwambia dada yangu ana ufa chumbani.

"Dada yako ana ufa," alisema, "au Ukuta una ufa?"

"Ukuta, Mkuu."

"Basi nipimie Ukuta."

Nikaupima wote, kutoka mwanzo hadi mwisho, na ili uenee katika punje elfu ilibidi kila punje iwe na ukubwa wa chumba. Chumba cha Dada kikawa punje moja. Humo mlikuwa na kitanda, sufuria, hewa, yeye mwenyewe, pamoja na pande la Ukuta lililo nyuma ya kanga. Mashine ikapima: jiwe ni nusu na ushei. Ikaandika jiwe. Nilisogeza uso karibu na kioo cha mashine nikamtafuta dada yangu, nikaona mchemraba wa kijivu, umebanwa na michemraba mingine ya kijivu. Nakala ilisukumwa ikasimama. Ufa haukuwa na pa kukaa. Nililia pale kazini, mtu mzima, na saa inasema asubuhi.

Nikageuza. Nikachagua punje ndogo kuliko chembe ya chumvi, na kipande kikaishia kuwa ukubwa wa ngumi. Nilikichukua nyuma ya kanga yake hasa. Ufa ukaonekana waziwazi, na kingo zake, na matawi yake. Nikasukuma, kikavunjika. Nikakimbia nacho kwa Bi Havijawa, nacheka kwa furaha ya kuona kitu kikivunjika.

"Umeniletea ngumi," alisema. "Mji si ngumi."

"Mkuu, mpishi huonja kijiko kimoja akajua chungu kizima."

"Chungu kimekorogwa. Ukuta nani ameukoroga?"

Akaniagiza nichukue ngumi nyingine, hatua moja kando. Ilisimama. Nyingine, ikasimama. Na mashine yetu ina tabia moja: ikifika ukingoni mwa kipande haijui kuna nini mbele, kwa hiyo inadhani mbele kuna kipande kilekile, na mbele yake tena kilekile, hadi mwisho wa dunia. Ukiipa ngumi yenye ufa, inaona ulimwengu wa nyufa. Ukiipa ngumi nzima, inaona ulimwengu usio na kasoro. Nilikaa nikaitazama nikawaza, huyu ni mimi kabisa. Nilikuwa na asubuhi moja, nikadhani zote zitakuwa hiyo.

"Tafuta kipande kinachosema kweli," alisema Bi Havijawa. "Ni kile ambacho hata ukikiongeza, jibu halibadiliki."

Nikaongeza. Ngumi ikawa kichwa, kikavunjika. Kichwa kikawa mlango, ukasimama. Mlango ukawa nyumba, ikavunjika, nikaruka, nikaongeza kidogo tu kuhakikisha, ikasimama. Jibu halikutulia. Chumvi ikitawanyika vizuri, kuna mahali ukifika utasema mchuzi huu una chumvi kiasi hiki. Lakini ufa hautawanyiki. Ufa ni safari, una unakotoka na unakokwenda, na huwezi kuonja safari kwa kijiko. Nilikwenda tena kwa Dada nikafunua kanga. Nikiwa kijana uliingia ukucha. Sasa kiliingia kidole cha mwisho, chote, kikatoka na maji.

"Umefika wapi?" aliniuliza. Alikuwa akichagua mchele, macho yake hayaoni vizuri siku hizi, anatumia vidole.

"Bado natafuta ukubwa, Dada."

"Ukubwa wa nini?"

"Wa kukuona."

Akacheka. "Mimi niko hapa. Wengine kutazama tu kunawatosha."

Bi Havijawa naye alichoka, au alinihurumia. Kwake vilikuwa na sura moja. Aliniandikia karatasi kwa mkono wake. Punje ziwe na ukubwa wa mchele. Kipande kianzie nguzo ya Lango mpaka kwa Sikudhani. Niliisoma nikambusu mkono, akauvuta.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo ninapotaka kufa. Neno mpaka. Kwetu neno hilo lina kazi mbili na mshahara mmoja. Mpaka ni mwisho wa shamba, na mpaka ni urefu wa kungoja. Nitangoja mpaka kesho. Nimefika mpakani. Ukisema nimesoma kitabu mpaka ukurasa wa kumi, ukurasa wa kumi umeusoma. Ukisema shamba langu linafika mpaka mtoni, mto si wako. Nimelitumia neno hilo tangu nilipoanza kuongea na sikuwahi kujiuliza aliyetajwa mwisho yumo au hayumo.

Nikahesabu. Kutoka nguzo ya Lango mpaka mlangoni kwa Dada, punje elfu moja kamili. Si mia tisa tisini na tisa. Elfu. Moyo ukatulia kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, maana mtu akikubaliwa na hesabu hujiona amefika. Ningetaka chumba chake kiingie, ingebidi nizinenepeshe punje kidogo, ile elfu iharibike, na nani anaharibu elfu? Tena nilijiambia, ufa unaoanzia kwake lazima umepita huku, nitaukuta tu. Nikakata mlangoni. Nikasukuma. Kipande kilisimama bila hata kulia. Nikatia sahihi kwenye karatasi ya majibu kwa sababu iliniambia nitie, na mlinzi wa Lango akaibandika Langoni: UMESIMAMA, chini yake jina langu.

Bi Havijawa aliitazama nakala muda mrefu.

"Na chumba chenyewe kilisemaje?"

"Chumba gani, Mkuu?"

"Cha huyo Sikudhani."

"Uliandika mpaka kwa Sikudhani."

"Ndiyo. Mpaka kwa Sikudhani."

"Ndiyo, Mkuu."

"Ndiyo nini?" aliuliza, na kwa mara ya kwanza nikaona uso wake ukihama. Tulitazamana. Tulikuwa tunasema maneno yaleyale.

Niliomba nipime upya. Alisema mashine imebakiwa na kipimo kimoja tu, kipimo cha adhuhuri, na kwa sheria hicho ni cha Ukuta mzima, punje kubwa, chumba kwa punje. Hata yeye hawezi kukibadilisha. Alisema hayo kwa sauti ndogo, akaongeza: "Nenda kwa watu wako."

Nilishuka Kisiginoni nikikimbia kwa magoti yanayolia. Dada alikuwa amekaa kitini, mgongo kwenye kanga, ametulia. Watu walikuwa wameshamsomea karatasi.

"Nimeambiwa umepima wewe," alisema. "Nimelala usingizi, mdogo wangu. Siku nyingi sijalala hivyo."

"Dada, toka."

"Nitoke niende wapi, Lango limefungwa? Tena nikitoka mbio, watu watasema ndugu yake kapima uongo."

"Dada, hukuwemo."

"Sikuwemo wapi?"

"Kwenye kipimo. Nilikata mlangoni pako."

Aligeuka akakamua kanga, maji yakaingia kwenye ndoo, akaitundika tena, akilinganisha ncha zake vizuri. Halafu akauliza, bila hasira, na afadhali angenipiga: "Kwa nini sikuwemo?"

Nikamweleza neno mpaka, kisha kipimo kilichobaki cha adhuhuri na sheria ya nusu na zaidi. Nikamweleza punje ya ukubwa wa chumba, na jinsi nilivyomtafuta ndani yake nikaona jiwe. Nilikuwa nahema, nalia, naongea kwa wakati mmoja, na katika kuongea huko nikapata wazo, nikalishika kwa mikono miwili maana sikuwa na lingine.

"Uko peke yako humu," nikamwambia. "Mtu mmoja hafiki nusu. Ndiyo sababu mashine haikuoni. Tukijaa, tukawa wengi, itabidi itutambue. Haitaweza kusema hakuna watu."

"Mpaka lini?"

"Adhuhuri hii. Ni sasa hivi."

Hakubishana. Alitoka mlangoni akawaita majirani kwa majina, mmoja mmoja. Wakaja. Penye wengi hapaharibiki neno, walikuwa wakisema wakiingia, wakipishana, wakiwabeba watoto. Fundi wa viatu akaja na wateja wake wawili. Mama mmoja akaingia na sufuria ya maharage kwa sababu hakutaka kuyaacha yaungue. Nilikuwa mlangoni nikiwasukuma ndani, sogeeni, sogeeni, bado kuna nafasi pale juu ya kitanda, na watu wakapanda kitandani, wakasimama bega kwa bega, mtoto juu ya mabega ya baba yake akagusa dari. Nikajisukuma wa mwisho. Tulijaa mpaka mkono haushuki. Kifua changu kilikuwa mgongoni kwa mtu, uso wangu umeelekea kwa Dada, na yeye amebanwa kwenye kanga iliyolowa. Nilikuwa na furaha, wallahi. Niliwaza, sasa tumo.

Mwanga ukapita. Hauumizi. Unaingia kama joto la mkate mkononi, unatoka. Watu wakanyamaza kuupisha.

Ndipo nikalikumbuka swali. Mashine haiulizi kama kuna watu. Haijawahi kuuliza. Inauliza, umejaa au u tupu, na kwake chochote kinachojaza ni jiwe. Chumba hiki kilikuwa jiwe nusu na ushei, ushei mdogo tu. Tungekihama. Tungetoa kitanda nje, tungetoa sufuria, ndoo, kiti, tungekaa uani na jua letu, ushei ungepungua, chumba kingesomeka tupu, nakala ingekuwa na tundu mguuni, ingevunjika, na Lango lingefunguka. Kilichotakiwa ni tusiwepo. Na mimi, mpimaji, mwenye mvi, nimewaita watu wote wa mtaa waje wazibe tundu kwa miili yao.

Kipaza sauti cha Lango kikakohoa. Ilikuwa sauti ya Bi Havijawa, inasoma, na ilikuwa inasoma polepole kama mtu asiyetaka kufika chini ya ukurasa.

"Kipimo cha adhuhuri. Ukuta umesimama. Mguuni, karibu na Lango, umeonekana kuongezeka unene. Chumba cha mwisho ni jiwe tupu."

Watu walishangilia kidogo, kwa kadiri ya nafasi waliyokuwa nayo. Kuna aliyesema si niliwaambia. Hakuna aliyeweza kutoka upesi, mlango ulikuwa wa kufungukia ndani na tulikuwa tumeuzuia sisi wenyewe. Nyuma ya Dada maji yalikuwa yanatiririka chini ya kanga sasa, hayadondoki tena, yanatiririka, na mama wa maharage alikuwa anauliza nani amemwaga.

Nilitaka kumwambia Dada. Nilitaka kueleza vizuri, kwa mpangilio, kuanzia nusu na zaidi, mpaka mwisho, mwisho ukiwemo. Mdomo wangu ulikuwa karibu na sikio lake. Nikavuta pumzi, na maneno yote yakanikimbia, nikabaki na moja ambalo sijawahi kulitoa mbele yake tangu nizaliwe.

"Sikudhani," nikasema.

"Najua," alinijibu. "Najua, mdogo wangu."

Akasogea kidogo, akanipa nafasi ya kuweka mkono wangu ukutani kando ya wake.